Msonobari wa Mbele ya Dirisha

Mume wa fundi cherehani alikuwa mtunza bustani wa hoteli, hadi kiharusi kilipompiga upande wa kulia na kumwachia maneno machache. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepanda msonobari wa mlimani mbele ya dirisha la chumba cha kushonea, wa aina ile isiyorefuka, inayotanuka chini kwa chini kama kuku anayeatamia. Utapamba uwanja, alimwambia mkewe, na hautakuzibia mwanga.

Mkewe hakujua miti, ila kuuguza alijua. Kila asubuhi alimwogesha mume, akamvalisha, kisha akabeba ndoo hadi kwenye msonobari. Jioni ndoo nyingine. Majani yake membamba kama sindano yakaanza kugeuka manjano, naye akaongeza maji.

Mume alishinda dirishani, na kila alipoiona ndoo aligonga kioo kwa mkono wa kushoto. Mkewe akadhani anahimizwa. Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akaingia ndani amefura, akasema amechoka kuwa yaya wa wawili, tena mmoja mti. Alipoona machozi ya mumewe, akajuta palepale.

"Maji," mume alisema kwa taabu. "Basi."

"Basi nini, baba watoto?"

"Unauzamisha."

Mkewe akajibwaga kwenye stuli ya cherehani, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

Yeye na binti yao waliuchimbua. Mizizi ilikuwa imelowa, udongo unanuka. Wakainua tuta la kokoto na mchanga, wakaupanda tena. Mti ulinyong'onyea kwa miezi, tawi moja likafa, kisha machipukizi yakasimama wima kama mishumaa.

Mume akaomba atolewe nje. Neno baada ya neno, akaeleza kwamba kila chipukizi hukatwa nusu kwa vidole ili mti ubaki mfupi, matawi yameshikamana. Mkasi hukata majani, na ncha zake hukauka kama zimeungua. Mkewe alipotaka kuanza, akamzuia. Akainua mkono wa kulia, uleule aliogoma kuufanyisha mazoezi ya kufinya mpira.

Chipukizi la kwanza liling'oka lote, naye akalaani. Mkewe akamshika kiwiko tu. La pili likakatika katikati, sawasawa.

Walikuwa wangali hapo mteja alipobisha langoni akitaka gauni lake.

"Njoo kesho," mke alijibu bila kugeuka. "Leo tuna kazi."