Gitaa la Mkwe na Shaba ya Ziada

Wewe, umewahi kumshukuru mtu kwa moyo wote huku anakuharibia kitu chako mbele ya macho yako? Kama bado, basi hujaoa kwa fundi.

Mzee wangu ni fundi wa kusuka mota. Mota ya feni, ya pampu, ya mashine ya kusaga, ikiungua analetewa yeye hapa barazani. Anavua waya ulioungua, anazungushia mpya, anapaka vanishi, kisha anaianika karibu na kamba yangu ya nguo, ndiyo maana shuka za nyumba hii zinanuka vanishi mwaka mzima. Sifa yake ni moja, naye huitaja kabla hujamuuliza: haibi waya. Kuna mafundi hupunguza mizunguko ili wabaki na shaba, mota ikapata moto na kufa tena. Yeye hapana. Yeye hujaza mpaka usipenye hata unywele.

Sasa mkwe wetu, mume wa binti yetu, anapiga gitaa la umeme. Kijana mpole, hupiga hodi hata akitukuta tumekaa mlangoni. Alikuwa akitafuta nafasi katika bendi ya bwana mmoja anayeitwa Kamati, kwa sababu huamua kila kitu peke yake. Kamati akamsikiliza, akakunja uso. "Vidole unavyo," akamwambia, "lakini gitaa lako linaimba limejifunika blanketi. Mimi nataka sauti ing'ae. Njoo Jumamosi. Ukija na blanketi lako, nafasi nampa mwingine."

Chini ya nyuzi za gitaa la namna hiyo kuna kidude chenye sumaku, kirefu kama kidole, kimezungushiwa waya mwembamba ajabu. Ndicho kinachosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Mkwe alimweleza binti yangu, na binti yangu akanieleza mimi jikoni: waya ukiwa mwingi sauti inakuwa nene, ukipungua inakuwa kali, inang'aa. Kazi yenyewe ni hiyo tu, kupunguza.

Lakini nani wa kumwambia baba mkwe apunguze waya?

Kijana alikuja na gitaa lake, akakaa kwenye ncha ya kiti. "Baba, naomba unisukie hiki upya, sauti ipate kung'aa kidogo."

"Kidogo?" Mzee akacheka. "Wewe ni mtoto wangu. Itang'aa mpaka majirani wafumbe macho!"

Akakifunga kile kidude kwenye keke, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, aliyoibana mezani, akavaa miwani juu ya miwani, akaanza kuzungusha. Waya ukikatika anautukana, anauunga, anaendelea. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele. Kilipojaa nikadhani amemaliza. Akaongeza.

Mkwe akachomeka, akapiga. Lo! Utadhani ng'ombe katumbukia kisimani.

"Eh?" Mzee akauliza, uso mzima meno.

"Asante sana, baba. Ina... ina uzito."

"Si nilikwambia!"

"Ila ile ya kung'aa, baba, kama ingepatikana..."

"Haijatosha? Sasa unaogopa nini kusema? Lete!"

Akaongeza tena. Kifuniko kikakataa kufunga, akakibana kwa utepe mweusi. Safari hii ng'ombe hakusikika kabisa, kilibaki kisima. Na kijana wa watu akashukuru tena, kwa mikono miwili.

Binti yangu akaona huu sasa ni msiba. Akamfuata baba yake. "Baba, mume wangu anataka waya upungue."

Mzee akaweka bisibisi chini. "Usimsingizie mwenzio. Yule ana adabu. Hawezi kuja kwangu akaniambia nimwibie waya."

"Si kuiba, baba, ni..."

"Akitaka kitu, mdomo anao."

Nami nikajaribu. "Mzee, mbona hata chumvi huwa inapunguzwa?"

"Wewe pika."

Ikafika Ijumaa mchana. Nilimkuta mkwe nje, amelikumbatia gitaa kama mtoto mwenye homa.

"Mwanangu, kesho unakwenda kwa Kamati na kisima?"

"Mama, nitaanzaje kumwambia baba? Kaniambia tangu azaliwe hajampa mtu shaba nyingi hivi."

"Anza na 'baba', halafu endelea."

Tulipoingia, Mzee alikuwa anatusubiri kwa furaha. Alikuwa amepekua masanduku yake yote mpaka chini ya kitanda. Akainua kibonge cha waya juu, kwenye mwanga, na huo waya hata sikuuona. "Mwembamba kupita ule wa kwanza!" akasema. "Mwanangu, sasa itaingia mizunguko mara mbili!"

Akamnyang'anya gitaa, akatoa kile kidude, akakivua kikabaki uchi, akakifunga kwenye keke. Mimi nikarudi kwenye mchele wangu. Mkwe akasimama. Akakaa. Akasimama tena, anafungua mdomo na kuufumba kama samaki. Mzee akashika mpini. Ukazunguka mara ya kwanza, ukapata kasi, mzee akaanza kuimba.

"Baba!"

Mpini ukasimama. Mchele nikauacha.

"Nini? Nimekukanyaga?"

"Hapana, baba." Jasho lilimtoka mpaka kwenye ndevu. "Naomba radhi, baba. Wewe ni fundi, na mimi sijui kushika hata bisibisi. Lakini gitaa langu limekuwa bubu, baba, tangu ulipoligusa. Mimi nataka kupiga kwa Kamati. Hiyo nafasi naitaka mpaka silali."

"Sasa si ndiyo nakujazia?"

"Usinijazie!" Akajishtukia amepaza sauti, akaishusha, lakini hakunyamaza. "Nataka waya mchache, baba. Mchache kuliko ule niliokuja nao. Hata ukiona umekuwa mchache, toa tena."

Mzee akanigeukia, "Si nilisema mdomo anao?", akashika mpini, na safari hii akaukata waya kidude hakijajaa hata nusu.