Mkono Uliopanda Basi la Dublin

Kitu cha kwanza alichokiona Dervla ni kwamba mbunge alipokea chai kwa mkono wa kushoto. Kazi ya Dervla kwenye misiba ya Kilmorran ilikuwa kumimina chai, na mtu wa kumimina chai hatazami nyuso, hasa akiwa na haya kama yeye. Hutazama mikono. Alizoea kukigeuza kikombe ili kishikio kielekee mkono wa kulia wa mgeni. Mheshimiwa Jarlath Mulkerrin akanyoosha wa kushoto, akakizungusha kikombe mwenyewe taratibu, akasema, "Asante, Dervla, Mungu akuzidishie." Mkono wa kulia wa koti lake ulikuwa umechomekwa mfukoni vizuri, na kuanzia kwenye kifundo hamkuwa na kitu ndani yake.

Dervla akamwongezea maziwa.

Jikoni kwenye ukumbi wa parokia, Bi Attracta alikuwa anakata sandwichi za yai pembe tatu. Alikuwa mjane, na kwa miaka mingi hakuna aliyezikwa Kilmorran bila kuliwa mkate wake.

"Mkono wa mheshimiwa uko wapi?" Dervla alimuuliza.

"Dublin. Leo bungeni kuna kura."

"Umekwenda peke yake?"

"Sasa ulitaka usindikizwe na padri? Unapanda basi la asubuhi pale kituo cha mafuta. Dereva anaujua, hata nauli hautozi. Nipe hiyo nyama ya nguruwe, binti, watu wanangoja."

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Katika bunge lile kila mbunge ana kiti chake, na kwenye kiti pana vitufe. Kura hupigwa kwa kubonyeza, basi, na kiungo kingine hakina kazi. Kilmorran nako, mbunge asiyekuja kumzika babu yako, wajukuu zako hawampi kura. Watu husahau barabara iliyoahidiwa, lakini msiba hawausahau. Mulkerrin alikuwa mtu wa bidii, na majira ya baridi wazee hufa kwa wingi. Kwa hiyo mkono ukaanza kwenda Dublin, na yeye akabaki kuzika. Majirani waliona ni uungwana. Majimbo mengine wabunge wao walikuwa wazima mjini, na nyumbani hawakuacha hata kidole.

Mkono ulijua kazi. Uliandika maswali bungeni kuhusu mashimo ya barabara na taa za daraja, ukasaini barua za pongezi kwa watoto waliopata kipaimara. Hotuba haukutoa, kwa kuwa haukuwa na mdomo, ila mahudhurio yake ya kura yalikuwa kamili, na mahudhurio ya mheshimiwa makaburini yalikuwa kamili pia. Kwenye baa walisema hajawahi kutokea mbunge kama huyo.

Mama yake Dervla, Bi Finola, alikuwa amefariki mwanzoni mwa Machi. Miezi miwili kabla, kitengo cha dharura cha hospitali ya Kilmorran kilianza kufungwa saa mbili usiku, na gari la wagonjwa likawa linakwenda hospitali ya wilaya ya jirani, mwendo wa saa nzima kwenye barabara nyembamba yenye ng'ombe. Moyo wa Bi Finola ulikataa saa tatu usiku, jikoni, akikanda unga wa kesho. Katika mkesha wa kumlilia, watu walisema alifia palepale jikoni kwake, hakujua lolote, kifo kizuri ajabu. Walisema hivyo wakimfariji mzee Malachy, mumewe, ambaye saa ile alikuwa zizini ng'ombe akizaa. Walilisema mara nyingi hadi likawa kweli. Dervla alikuwa anamimina chai.

Mulkerrin alikuja mkesha na akaja mazishi. Alilia machozi ya kweli. Aliukumbuka mkate mweusi wa Bi Finola, uliotiwa asali ya miwa, na jinsi alivyomfukuza jikoni kwa fimbo mwaka fulani wa uchaguzi. Aliushika mkono wa Dervla kwa wa kushoto, akaubana mara mbili. "Poleni sana kwa msiba," alisema. "Kitengo kile tutakifungua tena. Mimi niko nanyi."

Dervla alijibu asante kwa kuja, kama inavyojibiwa.

Mwezi Mei, Malachy naye akaanza kushika kifua akipanda ngazi. Daktari akampa vidonge, akasema maumivu yakija usiku wasingoje asubuhi. Hakusema waende wapi. Toka siku hiyo Dervla alilala na viatu miguuni mwa kitanda na funguo za gari chini ya mto, na kila baba yake alipokohoa, aliketi.

Ndipo redio ikatangaza kwamba upinzani umeleta hoja mpya ya kufungua vitengo vya usiku, na kura itapigwa Jumatano. Dervla alitaka kujua kitu kimoja tu, yaani mara ile ya kwanza, ilipoletwa hoja ya kuviacha wazi usiku, mbunge wao alipigaje. Kura za bunge lile hazifichwi. Zimo kwenye simu ya yeyote anayetaka kutazama, jina kwa jina, walioitikia ndiyo upande huu na walioitikia hapana upande ule. Kilmorran hakuna aliyewahi kutazama. Ilionekana kama kumpekua mgeni mifuko.

Dervla husoma polepole, kidole kikifuata neno. Alitafuta siku ya kura ya Januari, akashuka na majina ya waliotaka kitengo kibaki wazi. Mulkerrin hakuwemo. Alimkuta upande wa hapana. Akarudi nyuma, akatazama kura za mwaka mzima: walemavu, nyumba, wauguzi, basi la shule. Mkono ulikuwa umebonyeza kila mahali chama kilipobonyeza, na kila mahali mwenyewe alipowaambia watu kinyume chake.

Alimwonyesha baba yake. Malachy alivaa miwani, akatazama, akavua.

"Huo ni mkono," alisema. "Mwenyewe alikuwa hapa."

"Baba, ni mkono wake."

"Mtu aliyelia juu ya kaburi la mama yako, mimi nimwite mwongo? Kaa chini, tule."

Jumamosi mbunge hukutana na wananchi chumba cha nyuma cha baa, mmoja mmoja, lakini kwa kuwa chumba hakina mlango, wote husikia. Bi Attracta alimsindikiza Dervla. Alisema anakwenda kwa sababu ya maonyesho, ng'ombe wa bure hatazamwi meno lakini ugomvi wa bure unatazamwa.

Mkono ulikuwa umerudi. Ulilala juu ya meza karibu na birika, umevuliwa glovu ya ngozi, kucha zake zimekatwa vizuri kuliko za mwenzake. Ulikuwa umechoka na safari.

Dervla alikuwa amepanga maneno tangu Alhamisi. Akaketi.

"Sema, mwanangu," alisema mbunge.

Dervla akatazama meza.

"Haya, nitamsemea," alisema Bi Attracta. "Huyu binti anasema mkono wako ulipiga kura kitengo kifungwe. Ameona kwenye simu."

Mulkerrin hakukasirika wala hakushtuka. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi anayeletewa habari za mtoto aliye mbali.

"Ni kweli. Niliposoma gazetini niliumia kama ninyi. Nimezungumza na mkono wenyewe. Lakini huu uko mjini muda mrefu sasa, Attracta, umezoea mambo ya kule. Mnadhimu wa chama akiuashiria, unabonyeza. Nami niufanyeje? Nikiukataza, watautoa kwenye kamati."

"Jumatano je?" Dervla aliuliza. Sauti ilitoka ndogo, mzee mmoja kaunta akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Jumatano moyo wangu wote uko nanyi."

"Basi peleka moyo, bakiza mkono!" alisema Bi Attracta, na watu wakacheka, mbunge akacheka nao.

"Moyo haubonyezi kitufe, Attracta. Ungebonyeza, nchi hii ingekuwa nyingine."

"Nenda mwenyewe," Dervla alisema. "Mzima. Siku hiyo moja tu."

Kicheko kikaisha. Mulkerrin akamtazama kwa upole mwingi.

"Jumatano namzika Concepta Geraghty, mwanangu. Miaka tisini na mmoja. Unataka nimkose Concepta?"

Waliokuwa wanangoja zamu wakamgeukia Dervla. Mtoto mkubwa wa Concepta alikuwemo, kofia mkononi, kitambaa cheusi begani.

"Concepta alimfundisha katekisimu mheshimiwa huyu," Bi Attracta alisema kwa sauti ya chini, na hakuwa anatania tena. "Twende nyumbani, binti. Kuna mambo hayaombwi."

Mbunge alisimama kumuaga. Mkono wa kulia ukainuka mezani, ukaja wenyewe kusalimiana naye. Dervla akaupokea. Amelelewa vizuri.

Jumatano asubuhi mvua ilikuwa ya manyunyu. Dervla alifika kituo cha mafuta mapema, kapu lake la sandwichi likiwa tupu, kwa kuwa alikuwa amelichagua kwa kipimo cha mkono ule. Mkono ulikuwa tayari kwenye benchi, umekunja vidole kwa baridi, tiketi hauna. Hapakuwa na mtu mwingine. Muuza duka alikuwa nyuma anapanga gesi.

Angeweza kuuchukua. Ulikuwa na uzito wa kuku aliyenyonyolewa, si zaidi. Angeufunika na kitambaa cha chai, akauweka kabatini hadi jioni, kisha akaurudisha akiomba radhi. Kura moja haingegeuza hoja, hilo alilijua. Lakini jina lingekosekana upande ule, mara moja tu, na baba yake angeweza kutazama simu bila kuvua miwani.

Alifungua kapu. Mkono ukahisi mwendo, ukanyooka, ukamtafuta hewani. Ulipompata ulimshika, ukambana mara mbili, kwa joto, kama mtu anayekufahamu kwenu hadi paka. Na mkono wa Dervla, bila kumuuliza, ukabana mara mbili nao.

Basi likaja. Ngazi ya basi lile iko juu, na mkono ulijaribu mara mbili ukateleza kwa maji. Dereva alikuwa anatazama saa.

"Tusaidie hapo, bibie," alisema. "Huwa kuna mtu anaunyanyua."

Dervla akaunyanyua.

Concepta alizikwa adhuhuri. Mulkerrin alibeba jeneza bega la kushoto, akaliongoza fungu la rozari bila kukosea. Hoja ilishindwa alasiri, chai ikiwa bado moto. Dervla alitazama simu nyuma ya mlango wa jiko: hapana, Mulkerrin. Nje ukumbini watu walikuwa wanamzunguka mheshimiwa kumpa pole kwa yaliyotokea Dublin, na yeye aliwapokea mmoja mmoja, macho mekundu. Malachy alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alikuwa ameshika kifua, lakini alingoja zamu yake.

"Kuna wabunge wangefurahi," alisema Bi Attracta akisuuza birika. "Huyu ameumia. Umemwona alivyoumia?"

"Nimemwona."

"Basi tumshukuru Mungu. Kausha hivyo visahani."

Kitengo kiliendelea kufungwa saa mbili. Mwaka uliofuata palikuwa na uchaguzi. Mbunge alipita nyumba kwa nyumba na mikono yote miwili, akashinda kwa kura nyingi kuliko mwanzo. Dervla aliendelea kulala na viatu miguuni mwa kitanda. Na kila Jumatano yenye kura alikwenda kituo cha mafuta kuunyanyua mkono, kwa kuwa aliyekuwa anaunyanyua zamani alihamia kwa binti yake, na mtu lazima awepo. Watu walisema ni kazi inayomfaa, haihitaji kuongea.

Asubuhi moja ya Novemba basi lilichelewa. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya barabara, na hata pampu za mafuta hazikuonekana. Mkono ulikuwa benchini kando yake, umelaza kiganja juu, unangoja. Haukuwa na masikio. Labda ndiyo maana, au labda ni ukungu. Dervla aliuinamia, akausogeza karibu, akauambia kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia:

"Mama hakufa jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa naye garini. Tulipita mbele ya hospitali yetu, taa zimezimwa, geti lina mnyororo, na alikuwa hai, anaongea vizuri tu. Alinyanyua kichwa akalitazama geti hadi likapotea nyuma. Akaniuliza, 'Dervla, mbona hatusimami?'"