Waya wa Flashi ya Mama Picha

Waya ni waya, husema wasiojua. Mama Picha alizunguka maduka ya vifaa akitafuta waya wa kuunganisha flashi na kamera mpaka miguu ikawaka moto, na kila muuzaji wimbo wake ulikuwa huo huo: "Huu unaingia, mama, chukua!" Kuingia uliingia kweli. Lakini kuingia si kuelewana. Flashi yake haikuwa na kitufe cha kupunguza mwanga. Kamera ndiyo iliyoiamuru kupitia waya, na waya wa kampuni nyingine haukufikisha amri hizo. Ukibonyeza tu, flashi inalipuka kwa nguvu zote na sura ya mtu inatoka nyeupe pe.

Na bila waya? Flashi ikae juu ya kamera, impige mtu usoni waziwazi, pua ibaki bapa. Mwenye saluni ya maharusi alishamwambia: "Nataka mwanga wa ubavuni. Maharusi wa Jumamosi wakipendeza pichani, chumba cha nyuma ni chako, na maharusi wangu wote ni wako." Miaka yote hiyo ya kupiga picha za vitambulisho sebuleni, ndipo mlango unafunguka!

Hatimaye muuzaji mmoja aliigeuza kamera, akaigeuza flashi, akasema, "Wa hii uko stoo. Mmoja tu. Njoo kesho, nitakuwekea."

Kesho yake alikuwa na picha za wanafunzi, akamtuma mumewe, anayefanya kazi jirani na duka. Akamsisitizia: uliowekwa kwa ajili yangu, huo huo, usikubali mwingine.

Jioni mume akaingia anachekelea. "Walitaka kunipa kijiwaya kifupi hivi. Nikakataa! Nimekuletea mrefu, wa maana."

Mama Picha akauchomeka, akabonyeza, na chumba kizima kikawaka hadi watoto wakafumba macho.

"Baba watoto, huu haufai. Duka bado liko wazi. Tafadhali, urudishe."

"Nirudi niseme nini? Kwamba mke wangu kanipa darasa? Wanaume wenzangu wanicheke?"

Mama Picha akaenda mwenyewe, mbio. Muuzaji alimtazama kwa huruma. "Dada, mumeo alisema ule hautakiwi tena. Nimeshamuuzia mwingine."

Jumamosi flashi ikakaa juu ya kamera. Mwenye saluni alizipitia picha, akashusha pumzi. "Mwenzangu, hizi hata simu ingepiga." Chumba akapewa mpiga picha mwingine.

Na mumewe? Samahani haikumtoka kinywani. Angesema tu, hata kwa kunong'ona, lakini wapi!

Jumapili mdogo wake mume akaja kula. "Shemeji, saluni vipi?"

Kabla hajafungua mdomo, mume akadakia. "Kazi ile haimfai kila mtu. Mimi nilimnunulia hadi waya, bado ikamshinda."

Mdogo wa mume akatikisa kichwa. "Una bahati, shemeji. Wangapi wana mume wa kuwasaidia hivyo? Mshukuru kaka."

Wote wawili wakamgeukia, wakingoja. Watoto nao waliacha kutafuna. Alikuwa na la kusema, tena lilikuwa limemfika kooni.

"Namshukuru," akasema, na akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mumewe.