Majibu ya Runar

Runar Sjölund hakuwa mtu wa kukosa jibu. Ukimuuliza kwa nini matufaha ni madogo mwaka huu, anakujibu kabla hujamaliza swali. Ukimuuliza kwa nini kivuko kimechelewa, anakujibu vilevile, ingawa hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Pale Åland, visiwani kwao, watu walishamzoea. Ubaya ni kwamba majibu hayo alimpa pia binti yake Tuva, wa miaka minane, na Septemba ile mtoto hakuwa sawa.

Kilianza kichwa. "Ni hiyo simu," alisema Runar. Kisha shingo ikakaza. "Umelala vibaya." Mara mgongo, mara goti, leo huku kesho kule. "Unarefuka, mwanangu." Mtoto aliyekuwa hakamatiki akawa anarudi kutoka shule na kujitupa kwenye kochi na viatu vyake, na akiguswa analia. Kwa hilo Runar alikuwa na jibu lililomuuma mwenyewe: mkewe Disa alikuwa mpishi kwenye meli ya Stockholm, na zamu yake ilikuwa bado haijaisha. Mtoto anamlilia mama yake, nani asingeelewa?

Gunnel, mama yake Runar, alikuwa amekuja kusaidia mavuno. Yeye hakuridhika.

"Kupe umemkagua?"

"Mama, majira yote ya joto kila jioni nimemkagua. Mmoja nilimtoa shingoni mwezi wa saba, nikapaangalia mpaka nikachoka. Halikutoka lile duara jekundu la ugonjwa wa kupe, halikutoka chochote. Na mtoto amechanjwa. Kupe hawamwezi huyu."

"Wewe na sindano zako!"

"Si zangu, ni za serikali."

Visiwani watoto huchanjwa chanjo ya kupe. Ndivyo wanavyoiita, na jina hilo limewalaza wengi usingizi wa pono. Runar alikuwa miongoni mwao, tena akikoroma.

Ijumaa Bibi Gunnel alioka pankeki nene ya pale kwao, akaipaka jemu, akamuuliza mjukuu kama ni tamu. Tuva alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulibaki umenuna, na maziwa yakamchuruzika kidevuni.

"Acha kumbeza bibi yako," alisema Runar.

"Simbezi."

"Tuva!"

"Simbezi, baba! Ndivyo ninavyocheka!"

"Haya, chumbani kwako."

Mtoto akaondoka akilia. Runar akamaliza pankeki yake, kisha na ya binti yake, akijiona mzazi anayejua kulea.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya sauna, kuoga kwa mvuke kwenye kibanda cha mbao. Bibi na mjukuu waliingia kwanza. Runar alikuwa nje akipasua kuni, akawasikia kupitia ukuta wa mbao.

"Funga macho, namwaga maji."

"Nimefunga."

"Hujafunga, wewe. Funga na hilo la kushoto."

"Nimefunga, bibi! Linawasha!"

Kisha Gunnel akapiga ukelele. "Runar! Njoo hapa upesi!"

Tuva alikuwa amekaa kwenye benchi, kajifunga taulo, povu likiwa bado nywelini. Runar alimwambia afumbe macho. Jicho la kulia likafumba. La kushoto likabaki wazi likimtazama, jekundu kwa sabuni. Akamwambia apulize, pumzi ikatorokea pembeni mwa mdomo, shavu limelegea. Runar akatafuta jibu, akalikosa.

"Jana nilikwambia," alisema Tuva.

Hospitalini, mjini Mariehamn, daktari wao alikuwa mama mmoja mpole aitwaye Ylva. Aliuliza lini, wapi, na nini kabla ya hapo. Runar akawa anataja: kichwa, shingo, mgongo, goti, uchovu, vilio. Kila kimoja alikuwa amekipa sababu yake. Sasa aliposikia vyote vikitoka kinywani mwake kwa mfululizo, aliona haya.

Walimpima mtoto damu na maji ya uti wa mgongo. Daktari alirudi akasema ni ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe, ambao wenyeji wa visiwani huuita borelia, na umefika kwenye neva ya uso.

"Lakini amechanjwa, daktari."

"Chanjo hiyo ni ya homa ya ubongo. Kupe ni huyohuyo, ila habebi mzigo mmoja. Huu bado hauna chanjo."

"Na duara? Halikuwepo."

"Wengine hawalipati kabisa. Kwa wengine hujificha kwenye nywele. Mtoto hatakwambia neva imevimba, baba. Atakwambia kichwa, kesho goti, keshokutwa atanuna tu. Inabidi uviweke pamoja."

"Atapona?"

"Watoto wengi hupona vizuri. Tunaanza dawa leo."

Jioni Runar aliketi kando ya kitanda akimdondoshea binti yake dawa ya jicho.

"Nilikufukuza mezani," alisema. "Nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

"Na ukala pankeki yangu."

"Na nikala pankeki yako."

Tuva alifikiri kidogo. "Basi nakusamehe ya mezani. Ya pankeki bado."

Dawa ikaisha, kichwa kikapoa, na uso ukaanza kurudi taratibu. Disa aliporudi kutoka melini alikuta shavu linacheza kidogo, akalibusu mpaka mtoto akakimbia.

Mwisho wa Oktoba Runar alikuwa juu ya ngazi akichuma matufaha ya mwisho. Tuva akaja akichechemea.

"Baba, mguu unaniuma."

Jibu lilikuwa tayari ulimini: umeshinda ukiruka mitaro. Runar alilimeza. Akashuka ngazi, akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji.

"Wapi? Nionyeshe. Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Nimekipiga teke kikapu chako."

Akaangua kicheko, mdomo wote, macho yote mawili yamefumba. Runar alibaki amepiga magoti palepale, kamshikilia mguu, machozi yanamtoka.