Kilio cha Gustave

Florentine ana moyo mzuri, hilo silipingi, lakini ana mdomo wa kuamuru. Ndiye anayewapokea wageni wanaotoka Kongo hapa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala: anawaonyesha kisima, anawatafutia jembe, anawaingiza katika kikundi cha akina mama wanaolima mihogo pamoja. Nje ya kikundi hicho, mgeni atakula nini?

Cadette alifika na binti yake Joëlle, bila mume. Mtumbwi wao ulipinduka Ziwa Mweru walipokuwa wakikimbia vita. Wavuvi waliwaokoa wao wawili, mumewe Gustave hakuonekana. Basi akina mama wakaanza kunong'ona. Mjane ambaye hajamlilia mumewe akikanyaga shamba, mihogo huoza. Hayo tulikuja nayo kutoka kwetu.

"Mama Joëlle, bamama habatalima na weye," Florentine alimwambia. "Fanya kilio, baba ya mutoto apumuzike."

"Sikuona maiti yake," Cadette alijibu. "Nitalilia nani?"

"Ziwa hairudishake batu."

Nyumba yangu ni ya pili kutoka kwa Cadette. Nilisikia yote, nikawaambia wamwache. Nani anamsikiliza bibi mkorofi kama mimi? Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kwetu mgeni akija, anaongezewa mzigo. Cadette alikuwa na njaa, na mtoto alikuwa na njaa zaidi. Akakubali. Akaketi mkekani, wakamnyoa kichwa, wakaimba na kulia machozi ya kweli, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumlilia. Baada ya hapo kikundi kikampa jembe.

Mihogo yake ilikuwa imefika magotini Gustave alipotokea njiani, amekonda, anatabasamu. Wavuvi wa kisiwa cha Chisenga ndio waliomwopoa, akaugua huko muda mrefu. Nilifurahi mpaka nikapiga kelele kama mwendawazimu.

Kisha akaona kichwa cha mkewe, nywele bado fupi. Akasimama uani.

"Mulishanililia?"

Florentine na akina mama wakarudi nyuma. Mtu aliyeliliwa akiwa hai, akigusa watu wake, kifo humfuata na kumchukua mmoja wao. Lazima kwanza wazee wa ukoo wake wamnyunyizie maji. Na wazee wa Gustave wako Pweto, Kongo, kule kule kwenye bunduki.

"Nilitaka tu kumusaidia," Florentine alisema, analia.

"Itisha pasta amuombee!" nilimfokea. "Mutu iko muzima, munamuogopa nini?"

Nilikuwa na hasira. Nikamshika Gustave, nikamvuta kuelekea mlangoni kwao, naye akaanza kunifuata. Joëlle akatoka ndani mbio, "Papa! Papa!", mikono imenyooshwa.

Cadette, yule yule aliyekikataa kilio, akamdaka mtoto kabla hajamfikia baba yake, akamrudisha ndani na kufunga mlango.