Pasipoti Iliyoota Isale

Mama Jovin, ambaye kanisani aliandikwa Hilaria, alikuwa barazani kwake Uru akimenya ndizi za mtori siku binti yake Brenda alipopiga simu kutoka Johannesburg kumwambia kwamba ni mjamzito, na kwamba mtoto atazaliwa mwanzoni mwa Desemba. Mama Jovin akasema Mungu ashukuriwe, akamwuliza kama anakula vizuri. Brenda akajibu anakula, halafu akauliza, "Mama, pasipoti yako bado ina kurasa?"

Mama Jovin akanawa utomvu mikononi, akaitoa pasipoti kwenye bati la biskuti, akaipekua. Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja, na nchi aliyokuwako Brenda ilitaka mgeni awe na kurasa mbili tupu.

"Umebaki mmoja," alisema, na sauti ikamtoka kwa furaha zaidi kuliko alivyokusudia.

"Basi kabadilishe mapema, mama. Usingoje dakika za mwisho."

"Nitaangalia."

Hilo la kuangalia ndilo alilomwambia pia mtu mmoja aliyetaka kununua mmoja wa ng'ombe wake, na ng'ombe yule alikuja kufa kwa uzee, zizini mwake mwenyewe.

Kwa watu wa mlimani, mwanamke akijifungua hulishwa. Miezi mitatu hashiki ufagio; analala, anaogeshwa, analetewa mtori, maziwa na mlaso wa damu, na anayemlisha ni mama. Watoto wa Mama Jovin walikuwa wamesahau mengi ya nyumbani, hata Kichaga chenyewe walikisema kwa kunyatia kama wanaovuka mto juu ya mawe, lakini hilo la kulishwa hakuna aliyelisahau. Alikuwa amelisha Nairobi, amelisha Lusaka, amelisha Dubai mara mbili, ambako aliulizia damu ya ng'ombe mpaka muuza nyama akamwomba kwa adabu asirudi tena dukani. Pasipoti yake ilikuwa na mihuri mingi kuliko ya mbunge. Lakini ukimwuliza Dubai ikoje, atakwambia jiko ni la umeme na sufuria zinashika chini.

Kila aliporudi alileta kitovu cha mjukuu, kikavu, kimefungwa kwenye kitambaa na kusokomezwa ndani ya jalada la pasipoti, akakizika chini ya masale yaliyopandwa kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Wajukuu wenyewe hawakuwahi kufika. Walikuwa nyumbani kwa kiasi hicho tu.

Na Desemba ikifika, barabara za Uru hujaa magari ya watu waliotoka kila pembe kuja, kama wanavyotaniwa, kuhesabiwa. Majirani huchinja, hugombana juu ya mipaka, hupiga picha. Kwa Mama Jovin huwa kumefungwa kufuli, mwenyewe yuko ng'ambo kulisha. Sasa aliiona njia. Asipoibadilisha hiyo pasipoti, kurasa hazitatosha, na serikali itakuwa imewakatalia watoto kwa niaba yake. Brenda atakuja kujifungulia Uru, alishwe kwenye kitanda alikozaliwa, na wengine watamfuata kuja kumwona mtoto. Alilitaka jambo hilo mpaka akanunua beberu na kuanza kumnenepesha.

Watoto walipiga simu kwa zamu. Jovin, kifungua mimba, yule wa Dubai, alimweleza kwamba kubadilisha ni jambo la wiki chache. Mama Jovin akasema kahawa imeiva. Kahawa ilipokwisha kuchumwa akasema magoti yanauma. Magoti yalikuwa mazima.

Asubuhi moja alifungua bati kutafuta sindano akakuta, nyuma ya ukurasa wa mwisho, pasipoti imeota jani. Lilikuwa la kijani, refu na jembamba, limejikunja mara mbili kwa sababu bati lilikuwa fupi. Akalikata kwa mkasi. Kesho yake yalikuwa mawili. Akaitundika pasipoti juu ya moshi wa jikoni pamoja na nyama, nayo ikanawiri.

"Hilo ni isale, kama yale masale yako ya mpakani," alisema jirani yake, Monica, akilipapasa. "Sisi hati yetu ya shamba ilitoa maua ule mwaka wa mvua nyingi. Baraza la ardhi likayakataa."

Mama Jovin akapata matumaini. Kama maua yalikataliwa, basi majani nayo yatakataliwa, na pasipoti iliyoharibika haisafiri. Akavaa kitenge cha misa, akashuka mjini kwa bodaboda mpaka ofisi ya uhamiaji, akamkabidhi ofisa pasipoti yake kwa uso wa huzuni aliouandaa njiani.

Ofisa aliitwa Remigius, kijana wa Kibosho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Imeniharibikia hii."

Remigius aliyapima majani kwa rula. Akayainua kwenye mwanga wa dirisha, na ndani yake, katikati ya mishipa, nembo ya taifa ilionekana vizuri, pamoja na namba za kurasa.

"Yameota yenyewe au umepandikiza?"

"Yameota yenyewe."

"Kupandikiza ni kosa," alisema Remigius. "Kuota si kosa. Hizi ni kurasa mbili, na ule mmoja tatu. Unasafiri bila shida."

"Lakini baba, mimi nilitaka uikatae."

Ofisa akamtazama. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja alikohoa ili asikike. Remigius akaifunga pasipoti taratibu, majani yakabaki nje, akaishika kwa mikono miwili akamnyooshea. "Mama, mimi na wewe tunajua hili ni jani gani. Hili halikuota kwa ajili ya muhuri. Umeletewa wewe."

Mama Jovin alijua. Mlimani mtu akikosa, hata akikosa vibaya, huchuma isale akampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Baba yake mzazi alimsamehe hivyo mtu aliyemvunja mguu mtamba wake, akamnywesha na pombe ya mbege juu. Sasa watoto wake walikuwa wanamwomba radhi kwa kutorudi nyumbani, ingawa wao wenyewe hawakuwa na habari. Alisimama pale kaunta akiwa na uchungu wa kweli, kwa kuwa kosa alikuwa analiona wazi, na alikuwa bado hajamaliza kulikasirikia.

"Aika," alishukuru kwa Kichaga, akaipokea.

Alipofika nyumbani alifanya jaribio moja la mwisho. Alichuma isale kwenye mpaka wa kihamba, akaliweka juu ya meza, akalipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia: "Wanangu, nawaomba. Krismasi njooni nyumbani." Jovin alijibu kwa kidole gumba. Mwingine alituma maua. Brenda aliandika, "Mama mmea mzuri sana! Unaweza kuja nao? Hapa kwetu hakuna kijani hata kidogo."

Akamwuza beberu, akampa Monica funguo na ng'ombe, akaondoka. Uwanja wa ndege wa Johannesburg, mwanamke wa kaunta aligonga muhuri juu ya jani, akafuta utomvu uliomrukia kidoleni, akamwita anayefuata.

Brenda alijifungua salama mtoto wa kiume. Mama Jovin akapika mtori, akaogesha, akafua, akabembeleza. Siku ya Krismasi watoto wote walikutana kwenye simu ya Brenda, kila mmoja kwenye kidirisha chake, wakaimba kidogo.

"Mama," alisema Jovin, "mwaka huu tulikuwa tumeamua kabisa kuja Uru. Wote. Mpaka bei za tiketi tuliangalia. Ila tukasema, mama mwenyewe hayupo, tutakwenda kwa nani?"

Hasira ilimpanda Mama Jovin. Akaitafuta sentensi moja ya kuwaambia, akaipata, nayo ilikuwa nzuri. Lakini isale alikwisha kulipokea kwa mikono yake mbele ya foleni nzima, na msamaha ukishatolewa haurudishwi tena.

"Krismasi njema, baba," alisema.

"Na kwako, mama. Halafu, mke wangu naye, Mungu akipenda, mwezi wa tano. Kurasa zipo?"

Brenda akamletea mkoba. Mama Jovin akafungua pasipoti, akaona pembeni ya jani lenye muhuri jani jingine linachomoza, limejisokota, bado jororo.

"Zipo," alisema.

Akampa Brenda bakuli la mtori, akamwambia amalize lingali moto. Kisha akaisogeza pasipoti dirishani ipate jua.