Kiguu cha Mwaridi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni stika. Ilikuwa kwenye chungwa moja ndani ya bakuli la mezani, stika ndogo ya bei, na chungwa lenyewe lilikuwa la plastiki. Nje ya dirisha kulikuwa na michungwa kumi na miwili, machungwa yameanguka chini yanaoza, na kibao kinachokataza watu kuchuma. Nilitaka kuuliza. Lakini mimi si mtu wa kuuliza. Nilipoacha shule darasa la nne kule kwetu Michoacán, kabla sijavuka mpaka kuja huku, mwalimu alichukua wiki mbili kugundua kwamba sipo.

Tulikuwa watatu. Bibi Herlinda, dada wa bibi yangu, mwenye miaka themanini na moja. Binamu yangu Chema, aliyetuleta kwa gari na ndiye mwenye Kiingereza. Na mimi, wa kubeba mkoba. Aliyekuwa akitutembeza katika nyumba ile ya ranchi, ambayo sasa ni makumbusho, ni Bi Lorraine, mama wa kujitolea mwenye kofia pana, mpole kiasi kwamba hata viti alikuwa akiviomba radhi akipita.

Bi Lorraine alisema familia iliyomiliki ranchi ile ilipenda maisha ya kawaida.

"Ya kawaida kabisa," Chema akatutafsiria. "Vyumba kumi na tisa tu. Watu walijibana."

"Na hiyo kengele ukutani?" Bibi akauliza.

"Ya kuitia chai. Maisha ya kawaida yanachosha miguu, Bibi."

"Muulize waliokuwa wakiitika hiyo kengele walilala wapi."

Chema akauliza. Bi Lorraine alifurahi sana kupata swali, akatuonyesha kupitia dirishani, pale magari yalipoegeshwa. Zamani palikuwa na vyumba vya wafanyakazi, alisema, vikabomolewa ili wageni wapate nafasi.

Bibi akamgeukia Chema. "Basi gari lako, Chema, umeliegesha juu ya kitanda cha mama yangu."

Bibi alizaliwa kwenye vyumba vile, akatoka ana miaka kumi na minne. Mama yake, Petra, alikuwa mfuaji nguo wa ranchi. Alikufa bila kuacha picha hata moja, na kaburi lake limepotea katikati ya makaburi mengine. Alichoacha ni mwaridi alioupanda karibu na karo la kufulia, mwaridi wa aina ya Castilla, ambao sisi huchemsha maua yake kuoshea macho. Bibi alikuwa na mtoto wa mwaridi ule nyumbani kwa miaka arobaini. Mwaka jana mwenye nyumba alimwaga zege uani ili kila mpangaji apate pa kuweka gari. Bibi hana gari. Mwaridi ukafa chini ya maendeleo.

Kwa hiyo hatukwenda kutazama vitanda vya matajiri. Tulikwenda kutafuta kiguu.

Kiguu ni kijitawi unachokata kwenye mmea wa mtu ukaenda kukiotesha kwako. Na kwetu kila mtu anajua kwamba kiguu sharti kiibwe. Ukikiomba ukapewa, hakishiki. Ukisema asante juu yake, bora ungekimwagia maji ya moto. Mtaani kwetu kuna mama mmoja ambaye ua wake mzima ni wa wizi, na kila Jumamosi huenda kwa padri kuungama mambo mengine.

Tulipofika bustanini, mwaridi ulikuwa palepale karibu na karo, mnene, umejaa machipukizi. Bibi alinishika mkono akaubana mpaka nikaumia. Bi Lorraine akasimama mbele yake, akasema kitu huku amefunga macho kwa hisia.

"Anasema mke wa mwenye ranchi ndiye aliyeupanda," Chema akasema. "Kwa mikono yake mwenyewe."

"Yule? Mikono yake hakujua hata iko upande gani. Alikuwa akivishwa soksi."

Chema hakutafsiri hilo. Alimwambia tu Bi Lorraine kwamba Bibi alizaliwa hapohapo ranchini. Lo! Bi Lorraine alishika kifua. Machozi yakamlenga. Akazungumza haraka huku anaonyesha mwaridi, na Chema akageuka akichekelea.

"Bibi, mambo yamekwisha! Anasema watakupa kiguu cha huu mwaridi. Zawadi. Kwenye chungu, na utepe."

Sijawahi kuona uso wa Bibi ukisawijika hivyo.

"Mwambie sipendi maua."

"Bibi, nimeendesha gari kwa saa mbili."

"Mwambie yananipigisha chafya. Sema upesi, kabla hajanipa!"

Chema akasema. Bi Lorraine akasikitika sana, akamwomba Bibi radhi kwa kumsogeza karibu na maua. Kisha akatoa simu. Alitaka kumrekodi Bibi akisimulia kumbukumbu zake, kwa ajili ya ofisi ya makumbusho. Bibi akakubali mara moja, na hapo nikajua ana jambo. Alichagua benchi yeye mwenyewe, akamkalisha Bi Lorraine mgongo ukielekea mwaridi. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Mkasi wa kucha uko kwenye mkoba. Na mfuko wa mkate, una pamba mbichi. Nenda."

"Bibi, mimi naogopa."

"Uogope nini? Wewe watu hukuzimia taa ukiwa chumbani. Leo ndiyo siku ya kipaji chako."

Nikaenda. Hatua ishirini, labda. Nyuma yangu nilisikia Bi Lorraine akiuliza na Chema akitafsiri: je, anamkumbuka mke wa mwenye ranchi akifanya kazi bustanini?

Niligeuka. Bibi alikuwa akinitazama mimi, nami nilikuwa sijafika nusu ya njia, nimesimama kama kibao.

"Ndiyo," Bibi akasema kwa sauti kubwa. "Kila asubuhi. Na glovu nyeupe. Mwaridi ule aliupanda yeye. Nilimwona kwa macho yangu."

"Bibi," Chema akasema, "unasema nini?"

"Tafsiri, bwana. Na usiwe na haraka."

Nilikimbia. Nilichuchumaa nyuma ya mwaridi, nikaanza kutafuna tawi kwa kile kimkasi. Miiba ilinichana mpaka kiwikoni.

"Kwa mkasi huo utamaliza Pasaka," mtu akasema.

Alikuwa mtunza bustani, mtu mzima, wa kwetu, wa Oaxaca kwa lafudhi yake, ana mkasi wa kupogolea mkononi. Nilimwonyesha mfuko wa mkate.

"Unataka kiguu? Si ungesema tu, binti. Jana nimetupa pipa zima." Akakata viguu vitatu, tak, tak, tak, akachagua vile vyenye kisigino kizuri, kile kipande cha shina kinachobaki chini, akavifunga kwa gazeti bichi, akanipa mkononi.

"Asante," nikasema. Ilinitoka. Mtu ambaye siku nzima hakumsemesha mgeni hata mmoja, neno lake moja likawa hilo.

Yule bwana alicheka kimyakimya. "Haya, umeviua sasa."

Nilivitoa gazetini nikavitia kwenye mfuko wa mkate, na kwenye gari Bibi aliuliza, "Kuna mtu amekuona?"

"Hapana."

"Umeiba vizuri?"

Nikaitika kwa kichwa. Akakumbatia mfuko ule, akacheka kama msichana, Chema naye akapiga honi mara mbili. Baadaye, kwenye barabara kuu, Bibi aliacha kucheka. Akafuta midomo kwa leso, akaifuta tena.

"Mama angenielewa," akasema.

Viguu viwili vilikufa. Kimoja kilishika, ndani ya mkebe wa pilipili karibu na mlango wa jikoni, na mwezi wa nne kikatoa ua. Bibi huwaita majirani waje kuona. "Kimeshika kwa sababu kimeibwa," huwaambia. "Mtoto huyu mnayemwona hivi, mwizi wa hali ya juu."

Kule ranchini wameweka kibao kipya. Chema alikwenda, akakipiga picha, akatusomea: mwaridi huu ulipandwa na mke wa mwenye ranchi kwa mikono yake, kwa ushuhuda wa Herlinda Barajas, mzaliwa wa hapa. Jina wamelipatia, hawakukosea hata herufi. Watu makini sana.

"Na la mama yangu?" Bibi akauliza.

"Nafasi haikutosha, Bibi," Chema akasema, akarudisha simu mfukoni.

Siku hizi, akimwagilia ule mkebe asubuhi, Bibi humwomba mama yake msamaha. Huinama na kusema chinichini: nilisema uongo, Mama, nilihitaji dakika tano tu. Anadhani jikoni hakuna mtu.

Mimi nipo, Bibi. Hukuhitaji hata hizo tano. Sikuiba. Nilipewa, nikasema asante, na kimeshika.